Gugu Kwenye Viazi vya Mama

Mwaka ule kazi ya binti mmoja pale kituo cha utafiti wa misitu ilikuwa moja tu: kuufuatilia mti wa mninga. Kule bondeni, ambako mafundi walizoea kupata mbao zake nyekundu, joto lilikuwa limezidi na mvua zimekuwa za kubahatisha. Miti mikubwa ilisimama bado, lakini miche ilikauka kabla ya kufika magotini. Akakaa na kompyuta yake chini ya feni iliyokohoa kuliko ilivyopuliza, akachora ramani. Ilionyesha kwamba mninga utaanza kupanda milimani, kwenye baridi iliyopungua.

Bosi wake, mtu mpole lakini mbishi kama kisiki, akaitazama, akakuna kidevu. "Nzuri. Sasa niletee mche mmoja ulioota wenyewe huko juu, ndipo tuongee."

Binti akatafuta. Alikwea vilima mpaka soli za viatu zikasalimu amri, asipate hata jani. Mwishowe akaomba likizo fupi, akaenda mlimani kwa wazazi wake apumzike.

Kupumzika! Chai haijapoa, mama yake akamkabidhi jembe.

"Kuna gugu limeingia kwenye viazi vyangu," mama alisema. "Lina kiburi hilo! Kiangazi linanyauka, unasema Mungu kalichukua. Mvua ikidondoka, hilooo, linakuchungulia."

Kibarazani, baba yake, seremala mstaafu, alikuwa akipiga randa mguu wa stuli. "Gugu limekutana na kiboko yake," akasema, akipuliza vumbi la mbao.

Binti akainama shambani. Gugu la kwanza halikung'oka. Mzizi ulizama chini utadhani kuna mtu anaushikilia. Akavuta kwa nguvu zote, ukakatika, naye akaanguka chali. Alipojitazama mkono, ulikuwa na utomvu mwekundu kama damu. Akaunusa. Akayapekua majani, jani kwa jani.

"Mama! Haya umeshang'oa mangapi?"

"Mimi nihesabu magugu? Mbuzi wameshiba, basi."

"Mama, huu ni mninga!"

"Mninga gani? Mininga si ile ya baba yako nyuma ya jiko? Tangu aipande tukiwa vijana, haijawahi kuzaa hata siku moja."

Baba akaweka randa chini. "Imezaa. Mwaka juzi, na mwaka jana tena. Nilikuambia, ukasema nimeanza kuota mchana."

Wote watatu wakaenda nyuma ya jiko. Kweli, juu matawini zilining'inia mbegu za mviringo zenye bawa pembeni, kama mayai ya kukaanga. Upepo ndio uliozipeleka shambani. Miaka yote baridi iliinyima miti ile maua. Sasa baridi ilikuwa imelegea.

Binti akamkumbatia baba yake, akamrukia mama yake, nusura amwangushe.

"Furahi, mwanangu," mama akasema, akijinasua. "Ila joto hili viazi vyangu havilipendi. Vinaoza vikiwa ardhini."

"Najua, mama. Hata miche inayokauka bondeni inaniuma. Lakini mti uliopata pa kukimbilia si sawa na uliokosa."

Mama akaguna. Akalitazama shamba, akautazama mkono mwekundu wa mwanawe. "Haya, chukueni huo upande wa mteremkoni. Mkigusa huku kwingine, tutakosana!" Kisha akaenda mwenyewe kufunga mbuzi, wasije wakaila miche.

Siku mbili baadaye, baada ya kupigiwa simu, bosi akafika, suruali imepigwa pasi ikanyooka. Mama akamkagua toka juu hadi chini.

"Ndiye wewe uliyemkondesha binti yangu?"

"Nisamehe, mama. Nilitaka kuona kwa macho yangu."

"Basi piga magoti uone. Miche haitaki kuangaliwa kwa mbali."

Akapiga magoti, suruali na pasi yake yote, akaugusa mche mmoja, kisha mwingine, na mwingine. Uso ukamchanua kama mtoto aliyenunuliwa viatu. "Nimenyoosha mikono," akamwambia binti. "Kuanzia leo sibishani nawe."

"Mwache, yuko likizo," mama akadakia. "Wewe ndiye uko kazini. Ng'oa hayo magugu yanayoisonga. Taratibu, baba, taratibu! Hicho ni kiazi!"