Barua Iliyogoma Kufutika

Katika kipindi chetu cha watoto, mimi na Mjomba Miwani ni wapelelezi. Kila wiki tunafumbua fumbo moja, na mtoto anayetazama anaondoka na somo. Safari hii fumbo lilikuwa la ukumbi wa maigizo: barua inageuka karatasi tupu mkononi mwa mwigizaji, watu wote wakiona. Jibu lake: iliandikwa kwa wino mwekundu, na chini ya taa nyekundu pekee wino huo hauonekani.

Wazo lilikuwa la Shangazi Gundi, mtengenezaji wa vifaa vya jukwaani. Miaka kumi na mmoja amebandika ndevu na mataji kwa mawazo ya wenzake. Hili lilikuwa lake la kwanza kukubaliwa.

Taa nyekundu ikawashwa, Mjomba akainua barua. Kila neno likasomeka.

"Shangazi, barua yako mbona inatukodolea macho?" mwongozaji akauliza.

"Nimeijaribu mara tisa kwenye chumba changu cha vifaa, baba. Ilifutika yote."

"Nawapa nusu saa. Ikigoma, tunarekodi lile fumbo letu la akiba, la puto."

Shangazi alianza kukunja kitambaa ambacho kilikwisha kukunjwa.

Tuna kanuni tunayowafundisha watoto: badilisha kitu kimoja tu, kisha tazama. Tukaipeleka barua chumbani kwa Shangazi, penye taa yake ndogo nyekundu. Ikafutika. Wino haukuwa na kosa. Tukarudi jukwaani. Nikafunga mlango wa nyuma, ikasomeka. Nikafunika kidirisha cha mafundi, ikasomeka. Nikaichukua mwenyewe, nikasogea hatua mbili pembeni. Ikafutika. Nikarudi alipokuwa amesimama Mjomba, maneno yakarudi.

Ndipo nikatazama mbele. Chini ya kamera kuna skrini inayompitishia Mjomba maneno yake. Herufi zilikuwa nyeupe, nene kama vidole, zikimulika moja kwa moja pale nilipokuwa.

"Mjomba..."

"Nimeiona tangu ulipofunga mlango," alisema polepole. "Nilikuwa natafuta moyo wa kusema." Akavua miwani. "Nilimwomba fundi aongeze ukubwa na mwanga. Siku hizi maneno yananitoroka. Sikutaka mjue."

"Tusijue!" Shangazi akasema nyuma ya pazia. "Juzi umeniita kwa jina la mbwa wako."

"Si mbwa mzuri lakini?"

Hata mwongozaji alicheka.

"Zima skrini," Mjomba akamwambia fundi.

"Mzee, utaweza bila maneno?"

"Sijui. Ila wazo la dada yangu halitageuka puto."

Tukarekodi. Taa nyekundu ilipowaka, karatasi ikabaki tupu mkononi mwake, safi kama sahani iliyooshwa. Mjomba akafungua kinywa aeleze sababu. Kimya. Nikahesabu moyoni mpaka nne, nikataka kumwokoa. Akanizuia kwa kidole. Kisha akainamia kamera.

"Wanangu, mimi imenipotea kabisa. Nyie mlikuwa mnatazama. Kilichobadilika ni wino, au ni taa?"

Akaweka mkono sikioni, akasubiri jibu kwa dhati, kama mtu aliyeuliza njia. Mwongozaji aliinua mkono asimamishe kurekodi, akaushusha.

Nyuma ya pazia, Shangazi Gundi akashindwa kujizuia. "Taa!" akapaza sauti. "Ni taa, Mjomba!"

Sauti yake hatukuifuta.