Friji ya Zahanati na Arusi ya Klara

Mwaka ule mafuta ya taa yalipoadimika hata makanisani, zahanati ya kijiji kimoja cha milimani juu ya mji mdogo wa Mlalo ilipewa friji ya chanjo inayotumia umeme wa jua. Wilaya ikataka mtu aende Arusha kujifunza kuufunga umeme huo na kuutunza. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Abrahamu, alidhani ni kozi ya kukausha mboga juani, akampeleka mpwa wake Rahabu, mhudumu wa zahanati.

Rahabu alirudi na ujuzi mwingine. Alijua kupima friji inakula umeme kiasi gani, na betri ziwe kubwa vipi ili zivumilie ukungu wa milimani. Alipanda paani mwenyewe, akayafunga mabamba ya kunasa jua yakielekea kaskazini. Wanaume waliokuwa chini walitazama migomba, kwa heshima. Friji ikaanza kuunguruma. Kina mama wakaja kuisikiliza.

Kisha Klara, binti wa Mzee Abrahamu, akaposwa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nataka waya kutoka zahanati mpaka kwangu. Taa, na redio ya kaseti ya mkwe wangu. Ina spika kubwa."

"Umeme ule una kazi, mjomba."

"Jua ni la kila mtu. Hii ni nchi ya Ujamaa."

"Jua ni la kila mtu. Betri ni za watoto."

Mzee akatafakari. "Na Klara ni mtoto."

Kaka wa mama hagombezwi. Rahabu alifunga mlango wa zahanati, akaenda kanisani kwenye ndoa. Lakini ufunguo wa akiba ulikaa kwa mwenyekiti, kwa mujibu wa utaratibu. Jioni muziki ulisikika bonde zima.

Rahabu alichukua koleo la kukatia waya, akaufuata waya mpaka uani kwa mjomba wake. Klara alikuwa akicheza na bibi yake, wote wawili wamevua viatu. Rahabu alisimama pale kitambo. Kisha akatia koleo mfukoni, akapewa pilau, akala.

Kesho yake ukungu ulishuka, ukakaa. Betri zilizonyonywa arusini hazikupata cha kunywa. Friji ikanyamaza, chanjo zikapata joto.

Siku ya kliniki kina mama walijaa, wengine kutoka Malindi ya huku milimani, watoto mgongoni. Rahabu akamwita mjomba wake.

"Waambie wewe."

Mzee Abrahamu alivua kofia. "Chanjo ya surua imeharibika. Umeme wake niliuchezea muziki."

"Muziki gani?" aliuliza mama mmoja aitwaye Yunis.

"Dansi."

Yunis alimtazama. "Mimi nilizika mmoja kwa surua mwaka jana," alisema, akaketi chini. Hakuna aliyecheka.

Mzee aliwapeleka wote nyumbani kwake, akaamuru wapikiwe, akabeba sanduku la barafu na kushika njia ya Lushoto kwa miguu, maana basi halikuwa na dizeli. Alirudi siku ya pili na chanjo nyingine, amevimba miguu. Rahabu aliwachoma watoto wote kabla barafu haijayeyuka. Mzee alikaa kwenye benchi akiwasikiliza wakilia.

Walipoondoka, Rahabu alisema, "Mjomba, siku ile niliuona waya. Koleo nilikuwa nalo mkononi."

"Mbona hukukata?"

"Klara alikuwa anacheza."

Mzee akainamisha kichwa. "Alicheza vizuri," alisema.

Jumatatu alikuja zahanati asubuhi, kabla ya wagonjwa, akaomba afundishwe. Rahabu alimwonyesha jinsi ya kuongeza maji ya betri, na kwa nini yasiwe ya mtoni. Mzee aliuliza swali lile lile mara nyingi. Rahabu alimjibu kila mara, na hakumpa ngazi ya kupandia paani.