Chewa wa Fundi Sakka

La, popoo zile kwenye kopo la jikoni si zangu. Nitatafunia nini, fizi? Meli yetu ya wazamiaji haitoki bandarini Sorong bila popoo, tambuu na chokaa, na sababu yake ni Sakka. Si Sakka muuza kuku, yule fundi wa mitambo, kabila lake Mbugisi, mwenye masikio makubwa. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Au ulishazaliwa? Haya, haidhuru.

Wakati huo mimi ndiye mpishi. Wageni wanalala melini, wanakula melini, wanavaa mitungi ya hewa wanazama kutazama matumbawe, wakipanda wana njaa kama papa. Aliyewaongoza huko chini ni Melkias, mtoto wa kisiwa kimoja cha njiani. Baba yake, mzee Obaja, ndiye mwenye neno juu ya bahari ya kijiji. Wakiifunga wanasema sasi: wanaombea kanisani, wanachomeka mti wenye makuti kwenye mwamba, basi, samaki haguswi mpaka siku ya kufungua. Melkias alimbembeleza sana baba yake wageni wazame pale, watazame kwa macho tu. Mzee akakubali kwa shida.

"Ila likiharibika," akamwambia, "usiniite baba mbele ya watu."

Tukafika, tukafunga kamba kwenye boya, Melkias akashuka na wageni. Sakka amemaliza kujaza mitungi, kakaa bure. Anafanya nini? Anatupa mshipi. Mabaharia wetu ndivyo walivyo, meli ikisimama tu mshipi uko majini, hata bandarini penye mafuta. Hakuwaza. Nikasikia anacheka huko nyuma, nikatoka na mwiko mkononi. Chewa huyo, mnene kama mto wa kulalia, ndoana kaimeza mpaka tumboni. Hata kumrudisha hakuna maana.

Melkias alipopanda akamwona. Akakaa na mtungi wake mgongoni, maji yanamchuruzika.

"Mpike, mzee," Sakka akaniambia. "Akishakuwa mchuzi nani atamjua?"

"Mimi nitamjua," Melkias akasema. "Inuka, fundi, twende kwa baba."

"Nikashuke mimi? Na mitungi ajaze nani, huyo baba yako?"

Akaingia chumba cha mashine, akajifungia.

Basi tukaenda sisi wawili, chewa kwenye gunia. Mzee Obaja alikuwa ngazini kwake anashona wavu. Akafungua gunia, akatazama, akalifunga.

"Kavua nani?"

"Mimi, baba," Melkias akasema.

"Wewe? Tangu utotoni hujapata kuvua hata dagaa." Akarudi kwenye wavu wake. "Aliyevua ana mdomo. Aje aiambie bahari mwenyewe. Mpaka aje, huko melini hakuna kuzama wala kula. Na sisi huku hatuli."

Hakumtazama tena mwanawe.

Tukarudi. Wageni wanauliza chakula, mchuzi wangu wa jodari unapoa. Nikagonga mlango wa Sakka.

"Wewe, kuna vikongwe kule wamekaa na sahani tupu kwa ajili yako."

Akauliza humo humo ndani: "Watanipiga?"

"Watakutafunisha tambuu."

"Tu?"

"Na utasema."

Akatoka amevaa shati lake la Ijumaa. Tukashuka wote, wageni na masufuria.

Mzee akampa popoo, maana kwao husemi na bahari kabla ya kutafuna. Sakka hajaizoea; akatafuna, jasho likamtoka, mdomo mwekundu. Akageukia maji.

"Bahari, ni mimi Sakka. Nimetupa mshipi bila kuuliza."

"Paza sauti!" bibi mmoja akamwambia. "Mawimbi yanapiga kelele, itakusikiaje?"

Watu wakacheka. Sakka akasema tena, kwa sauti, mpaka ndege wakaruka. Halafu akayumba kweli kweli.

"Melkias," mzee akaita mbele ya kijiji kizima, "mwanangu, mletee fundi maji kabla hajaanguka."

"Ndiyo, baba."

Chewa wakamzika chini ya mnazi. Akina mama wakaleta uji mzito wa sago, ule wa kuzungusha kwa vijiti viwili, mimi nikapasha mchuzi moto. Sakka wakamkalisha karibu na mzee, kichwa bado kinamzunguka. Tukakaa chini sote mchangani, tukala.