Msafara Si Foleni

Mama Chembe alikuwa anakunywa chai ya ofisini, ile inayopoa kabla ya kumiminwa, huku kompyuta yake ikihesabu foleni. Jina hilo walimpa wenzake, maana katika fizikia yake gari si gari, ni chembe: linakimbia, linasita, na kusita kwake kunalifanya la nyuma lisite zaidi. Dereva mmoja akikanyaga breki kwa woga, walioko mkiani wanasimama kabisa bila kujua wamemkosea nani.

Hesabu zikatoa jibu bila haya. Foleni ya barabara kuu ilizaliwa kila jioni pale askari walipofunga njia ili msafara wa waheshimiwa upite.

Mkurugenzi akasoma, akavua miwani, akacheka kwa upole wa mtu anayeendeshwa na dereva.

"Dada yangu, msafara si foleni. Utoe."

"Nikiutoa, barabara inakosa mwanzo na mwisho. Hesabu hazifungi."

"Msomi ni nani hapa? Zifunge."

Akazifunga, kama wanavyofanya watu wa fani yake wakibanwa: akaiunganisha barabara na mkia wake. Gari likitokea darajani, mwisho wa barabara, kwenye kompyuta linaingia tena sokoni, mwanzo wake. Chembe hazina kwao, hazilalamiki. Mkurugenzi akagonga muhuri.

Jumatatu barabara ikatii. Magari yaliyovuka daraja yakajikuta sokoni, yakaendelea na safari. Njia za kuchepukia hazikuwamo kwenye hesabu, kwa hiyo nazo hazikuwepo. Aliyeshuka ili atembee alijikuta kwenye kiti chake tena, mkanda umefungwa. Madereva waliguna kidogo, wakaongeza sauti ya redio. Kufika kwenyewe walikuwa hawafiki tangu zamani. Mafuta yakauzwa dirishani kwa chupa. Kinyozi mmoja akafungua kazi kwenye kiti cha nyuma cha teksi, na wateja wakampenda kwa sababu hakuna aliyekuwa na haraka.

Mama Chembe angeyachukulia hayo kama matokeo mazuri ya utafiti, ila asubuhi hiyo mumewe alikuwa amekwenda hospitalini kumchukua mama mkwe, mama mzazi wa Mama Chembe. Bibi wa watu alikuwa ametoka kupasuliwa nyonga, na muda wote wodini aliomba kitu kimoja tu: alale kitandani kwake.

Mama Chembe akaenda kusimama kando ya barabara. Gari lao likaja taratibu, mama amejiegemeza nyuma, mfuko wa dawa mapajani.

"Shikamoo mama. Mnaendeleaje?"

"Marahaba. Tunaendelea tu, mwanangu. Ndiyo shida yenyewe."

Likapita.

Alirudi ofisini roho inamuuma. "Mkurugenzi, nakuomba. Niruhusu niurudishe msafara kwenye hesabu, barabara ifunguke. Mama yangu yumo mle."

"Pole sana. Na hongera! Hakuna gari jipya linaloingia. Foleni haijaongezeka hata kidogo. Nani mwingine amewahi kutufanyia hivyo?"

Akaagiza apewe cheti. Mama Chembe akakipokea kwa mikono miwili, kisha akaurudisha msafara kwa siri. Kompyuta ilikubali vizuri sana. Barabara ndiyo iliyokataa: mabadiliko hayakuwa na muhuri.

Basi akazoea, kama watu wengine. Kila jioni alipeleka chakula, akatembea sambamba na gari huku akikipitisha dirishani. Siku moja alipeleka mto wa mama na shuka zake za nyumbani, zile za maua. Mama akazinusa, akafumba macho, na machozi yakamtoka. Mama Chembe naye akalia, bila kuacha kutembea.

Ving'ora vikasikika. Msafara ulikuwa unakuja, mweusi, unang'aa, kwa kasi ambayo hakuna hesabu iliyoigusa. Ukifika darajani ungevuka na kutokea ng'ambo, kwenye nyumba zenye malango, kama siku zote. Mume wa Mama Chembe akakaza mikono kwenye usukani, hataki kusogea.

Mama akajifunika shuka hadi kidevuni.

"Wapishe, baba," akamwambia. "Wenzetu wana pa kwenda."