Nyuma ya Msafara wa Clovis

Waliochora barabara ya bonde la Mto Kettle walikuwa wavivu, Mungu awasamehe. Mto ulipopinda, nao wakapinda. Kushoto maji, kulia jabali, katikati kijilami chembamba ambacho jimbo limekipa namba na kujisifia. Ni barabara fupi, lakini asubuhi ile Verlin Stiltner aliiona haina mwisho. Mkewe Oleta alikuwa ameketi kando yake ameshika kifua, jasho likimtiririka, na hospitali ilikuwa mjini, huko barabara inakoishia.

Hakungoja gari la wagonjwa, maana nalo lingetoka mjini kwa njia hiyohiyo. Alimpakia mkewe kwenye pikapu, akawasha taa za mbele na hazadi, zile za kuwaka na kuzima, ili watu wajue ana dharura, kisha akakanyaga mafuta.

Hakufika mbali. Nyuma ya kona alikuta foleni ya magari yanatambaa, na mbele kabisa gari jeusi la maiti. Jirani yao Clovis Ratliff alikuwa anazikwa, na kwa kiwewe Verlin alikuwa amesahau kabisa.

"Ni Clovis?" Oleta aliuliza, macho ameyafumba.

"Nani mwingine? Alipokuwa hai alijikokota, na sasa anajikokota vilevile."

Oleta alitaka kucheka, kifua kikamkatalia. Verlin akapeleka mkono kwenye honi.

"Usithubutu! Unampigia honi maiti? Watu watatusema mpaka nasi tuzikwe."

"Wacha waseme! Unaumwa, mama."

"Kimepungua kidogo. Twende nao tu."

Hakikuwa kimepungua. Verlin alimjua mkewe anavyodanganya, na bado akauondoa mkono. Katika bonde lile hata mlevi halipiti gari la maiti.

Na hata angetaka kupita, angepitia wapi? Kila gari lililotoka mjini lilisimama kwa heshima, na kwa kuwa pembeni hapana nafasi, lilisimama papo hapo barabarani. Dereva wa lori la makaa alikuwa ameshuka, kofia kifuani. Alimtazama Verlin kwa huruma, akainamisha kichwa.

Hapo ndipo Verlin alipotambua alichokifanya. Kwao, waombolezaji huwasha taa za mbele na hazadi. Alikuwa amejiunga na mazishi kwa mkono wake mwenyewe.

Akazima hazadi. Nani angeona? Akamwashia taa kali aliyekuwa mbele yake. Alikuwa Nadine, dada yake Clovis, naye akatoa mkono dirishani na kumpungia, kumshukuru kwa kuja kumzika kaka yake.

"Oleta, naipiga," alisema. Safari hii mkewe hakumkataza, na kimya hicho kilimtisha kuliko maumivu yake yote. Akaigandamiza honi. Nadine akadhani kuna gari limeharibika huko nyuma, akapunguza mwendo. Verlin alilia waziwazi, akiupiga usukani kwa ngumi.

Kwenye njia ya makaburini, askari wa kaunti, kijana aitwaye Randal, alikuwa katikati ya barabara akiwaelekeza waombolezaji wapande kilimani. Verlin akasimama mbele yake.

"Pinda huku, Bwana Verlin. Pole sana. Clovis alikuwa mtu wa watu."

"Siendi kwa Clovis! Oleta anaumwa! Nifungulie njia, nakuomba, mwanangu!"

Randal akakimbilia upande wa pili, akafungua mlango. Akamwita Oleta kwa jina, akamwekea vidole shingoni, akavihamisha, akavirudisha. Kisha akamtazama Verlin.

"Zima gari, Bwana Verlin."

"Nizime kwa nini? Njia si hiyo imefunguka?"

"Bwana Verlin. Tafadhali."

Mbele yake barabara ilikuwa nyeupe mpaka mjini, haina hata gari moja. Verlin akaendelea kukanyaga breki kwa nguvu zote, akasema hospitali si mbali, ni kona chache tu, na mkewe hajawahi kupenda kukimbizwa.