Mkwe Hashiki Uso

Minye, Sévère, nilikuwa kapita, msimamizi wa wakulima wa pamba, hapa Mutarule miaka mingi. Ukipanda mistari iliyopinda, nilikuita mbele za watu na kukutukana mpaka mke wako akasikia akiwa jikoni. Sijuti. Muzungu wa kilimo alikuwa ananitukana minye, na minye nilishusha kwenu. Nasema hivi mujue ni muntu wa namna gani aliyeshindwa kutia tone moja la dawa katika jicho lake mwenyewe.

Jicho la kuume lilikufa bila kuniuma. Lilianza kufa pembeni: nilikuwa nagonga milango, nagonga mbuzi, nagonga watu njiani na kuwafokea kwamba hawaoni. Kumbe asiyeona ni minye. Daktari aliyepita Uvira aliyabonyeza macho yangu kwa vidole, akasema maji ya ndani yamekosa njia ya kutoka, yanakaza jicho na kuua mshipa wa kuona. Kilichokufa hakirudi. Jicho la kushoto lilikuwa limebaki na nafasi ndogo katikati, naona kama muntu anayechungulia kwenye tundu la ukuta. Akanipa kachupa na kipira chake cha kunyonyea dawa. Tone asubuhi, tone mchana, tone jioni, mpaka nife. Nisiache hata nikijiona mzima, na nisimgawie muntu mwingine.

Dawa yenyewe ni ya hasira. Ukiitia, paji la uso linauma na nyumba inakuwa na giza kidogo. Hiyo niliivumilia. Shida ilikuwa mikono yangu, maana inatetemeka tangu mke wangu, mama Gratien, afariki. Gratien, mtoto wangu, anafanya kazi bandarini Kalundu na haji nyumbani ila siku ya Mungu, Jumapili. Jirani yangu Hatungimana hatusalimiani; heri nipofuke kuliko kumwomba. Aliyebaki nyumbani kila siku ni Marie-Rose, mke wa Gratien.

Na huyo ndiye asiyewezekana. Kwetu mke wa mtoto hataji jina la baba mkwe, hali chakula mbele yake, hamwangalii usoni, na baba mkwe vilevile hamwangalii. Kugusana, hata kulitaja neno lenyewe ni haya. Akileta chakula anakohoa mlangoni, anaweka sahani chini, anaondoka. Tukienda dispansere kuchukua dawa anashika ncha moja ya fimbo, nami ncha nyingine, tunatembea hivyo barabara nzima bila neno. Tangu aolewe nilikuwa najua mgongo wake tu na rangi za vitenge vyake.

Mara ya mwisho tulipokwenda, dawa ilikuwa imekwisha mapema mno. Munganga wa pale, Placide, muntu wa mbali asiyejua mambo yetu, alitikisa kachupa kitupu.

"Baba, hii ilipaswa kufika mwisho wa mwezi. Nani anakutilia?"

"Mtoto wangu," nikasema.

"Ule wa Kalundu? Anatoka Kalundu mchana kuja kukutilia tone?"

Watu kwenye benchi walicheka kidogo, na kati yao walikuwamo niliowatukana kwenye mistari ya pamba. Placide akanipa kachupa kipya na kuniambia nitie mbele yake. Nikainua uso. Mkono ukacheza. Tone la kwanza lilianguka kwenye shavu, la pili kwenye ndevu, na la tatu nililazimisha mpaka ncha ya kioo ya kile kipira ikanichoma jicho. Hapo hawakucheka tena. Nilitamani wacheke.

"Ndivyo unavyofanya kila siku?" akauliza polepole. "Basi weye unanywesha ndevu dawa. Na ncha ikigusa jicho inabeba uchafu. Jicho hili nalo litakwenda, Baba. Iko nani nje pale? Mama, kuja nikuonyeshe."

Marie-Rose alikuwa amesimama mlangoni ametupa mgongo. Alivuta kitenge mpaka juu ya kichwa. Nami nikapiga kelele kwamba huyo ni mkwe wangu, je, kwao Placide hakuna adabu? Placide hakunijibu. Alichukua maji badala ya dawa, akaonyesha kwenye jicho lake mwenyewe, akisema kwa sauti kubwa kuelekea mlangoni: nawa mikono kwanza, vuta kope ya chini, tone moja, ncha isiguse kitu, kisha bonyeza kidole hapa pembeni ya pua na ungoje, dawa isishuke kooni. Nilidhani anajichosha.

Kesho yake asubuhi nilikaa nyuma ya nyumba na kachupa changu. Tone likaanguka kwenye shavu. Nikajaribu tena, likaanguka.

"Baba, inaanguka."

Sauti ilitoka nyuma ya ua wa matete. Marie-Rose alikuwa hajawahi kunisemesha namna ile. Damu ilinipanda.

"Weye unaniangalia?"

"Ninaangalia kila siku," akasema. Alikuwa analia. "Nilikuwa naona inaanguka, na nilikuwa na haya ya kusema kwamba nimeona."

"Nenda zako jikoni."

Hakwenda. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Baba, ukipofuka, nani atakulisha? Nani atakuogesha? Gratien iko Kalundu. Ni minye. Nitakushika mwili wote, kila siku, mpaka kufa. Leo ninaomba nishike kope moja tu."

Tusi la kumjibu lilikuwa mdomoni, minye kapita, nikalimeza. Haya ilinikamata. Nilikuwa nadhani kwamba nalinda heshima yake, kumbe nilikuwa namwandalia mzigo huo wote kwa sababu sitaki aone mikono yangu inatetemeka. Nikaweka kachupa chini, nikalala chali kwenye mkeka.

Nikasikia anamwaga maji, ananawa. Akapiga magoti karibu na kichwa changu. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Angalia juu, Baba."

Juu palikuwa na uso wake. Hapakuwa na mahali pengine pa kuangalia, na jicho langu linaona katikati tu. Niliona kovu dogo kwenye nyusi, niliona macho yamevimba, niliona msichana aliyechoka. Uso wa kila mkulima wa bonde hili niliujua, hata wa wale niliowachukia. Huyu aliyenipikia miaka yote hii ningekutana naye sokoni ningempita.

Tone liliingia. Lilichoma vizuri, pale pale panapotakiwa. Kisha akaweka kidole pembeni ya pua yangu, akabonyeza, na tukangoja hivyo, kidole cha mkwe usoni pangu. Machozi yalianza kunijia. Aliyaona kabla yangu.

"Usilie, Baba," akasema. "Utaitoa dawa."

Basi sikulia. Nililala pale na haya yangu yote, jicho wazi, mpaka aliponiambia inatosha.