Sayari ya Jikoni kwa Dorah

Jumanne moja ya mwezi wa Agosti, Suzana alimwaga mfuko wa marudio juu ya turubai, nyuma ya nyumba ya mwanawe pale Segese, ili mchanga ukauke. Marudio ni mchanga ambao wenye mawe wamekwisha kuuosha mwaloni, mahali pa kuoshea, wakachukua dhahabu yao, na kazi ya Suzana na mkwewe Dorah ilikuwa kuuosha tena, kutafuta kilichowaponyoka. Katikati ya mfuko huo mlikuwa na sayari. Ilikuwa kubwa kama boga changa, ya kijivu, imejaa mashimo, na haikugusa turubai. Ilielea kiasi cha kiganja juu yake, ikizunguka taratibu. Kishanga kimoja cheupe, kama mwezi wake, kilikuwa kikiizunguka.

"Dorah," aliita Suzana. "Njoo uone, mwanangu. Hicho kiroba kiache hapo hapo, usikiinue."

Dorah alikuja, kanga imefungwa juu ya tumbo la miezi minne. Aliinama akaitazama.

"Imekauka, masikini," akasema, akaenda kuleta maji.

Dorah alikuwa na miaka minane katika ndoa. Nyuma ya ua, penye mstari wa minyaa, kulikuwa na vikaburi viwili ambavyo Suzana alivipalilia kila Jumamosi bila kumwambia mtu. Wanawake wengine mwaloni waliitwa kwa majina ya watoto wao, Mama Ritha, Mama Davis. Yeye aliitwa Dorah.

Waliiweka jikoni, kwa kuwa nje kuku waliidonoa. Siku ya kwanza waliiweka karibu na jiko la mkaa, na maji waliyoinyunyizia yakapanda juu kama mvuke, yasirudi. Wakaisogeza hadi kona ya mtungi. Asubuhi wakakuta imefunikwa na barafu nyeupe, nyembamba kama ganda la yai. Siku ya tatu Suzana alipima kwa mkono. Shubiri tano kutoka kwenye jiko, maji yalikaa mashimoni, yakatulia, yakang'aa.

Mwalimu Sostenes, aliyepanga chumba cha jirani na kufundisha sayansi darasa la tano, alikuja kuomba chumvi, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Pita. Angalia kichwa, usigonge mwezi."

Mwalimu aliinamisha kichwa, akachuchumaa. Alisema umbali na moto wameupata vizuri. Maji yapo, na ni maji kweli, wala si barafu wala mvuke. Akaleta sumaku ambayo Ngassa, mume wa Dorah, huitumia kutolea vyuma kwenye mchanga, akaisogeza karibu, ikavutwa.

"Ina chuma tumboni," akasema. "Hiyo ndiyo ngao yake, jua lisiipokonye hewa. Na uzito wake, naona unatosha kuishika hewa hiyo. Kimebaki kitu kimoja, mama. Muda. Ikae muda mrefu bila kusumbuliwa."

"Hiyo naijua," alisema Suzana. "Hiyo ni ngitili."

Baba yake alikuwa na ngitili kule Kolandoto. Ni malisho yanayofungwa masika yakiisha, ng'ombe wasiingie, hata pale ardhi inapoonekana imekufa, mpaka nyasi zirudi zenyewe. Basi Suzana alichukua vijiti na kamba za katani, akaizungushia sayari uzio wa duara, akamwambia kila aliyeingia asipitishe mkono. Hozefa, mwenye duka la vifaa barabarani, aliposikia, alimpelekea ndoo ya maji ya mvua kutoka tangi lake. Alisema maji ya kisima cha pale hata kunyolea ndevu hayapendi. Hakutaka asante ndefu. Aliuliza tu kama inahitaji kivuli.

Mwezi wa Septemba yakatokea mawingu. Kila siku saa kumi alasiri mvua ilinyesha juu ya sayari, matone madogo kuliko ufuta, na Dorah alikuwa anaacha kuchambua mboga ili asikilize. Kisha upande wa juu ukaota kitu cha kijani, laini kama ukungu wa mkate. Dorah alilia kidogo, akajifuta kwa kanga. Mwaloni wakaanza kumtania.

"Mama Sayari, hujambo? Mtoto kalalaje?"

"Kalala vizuri. Kaota nywele."

"Za baba au za mama?"

"Za baba. Za kijani, kama zake siku aliyolewa akalala majanini."

Wakacheka wote, na Suzana alimwona Dorah akicheka huku mikono imo kwenye karai la maji ya zebaki mpaka viwikoni.

Ijumaa moja jioni Ngassa alirudi na kitambaa kilichofungwa mfukoni. Alikuwa mtu mpole, Ngassa. Ndiye aliyetengeneza kigoda cha mkewe akalie mwaloni asiinamie sana. Alifungua kitambaa, ndani mkawa na donge la dhahabu iliyoshikana na zebaki, kubwa kama punje ya njegere. Akafunga mlango, akafunga na dirisha, akaliweka donge kwenye kijiko juu ya mkaa ule ule wa ugali, akapuliza, zebaki itoke kwa moshi ibaki dhahabu. Dhahabu Segese huchomwa mlango umefungwa, ili watu wasijue umepata kiasi gani. Moshi wake hauna rangi. Dorah aligeuza ugali pembeni, wakala.

Kesho yake, upande wa sayari uliokuwa umeelekea jiko ulikuwa wa majivu. Saa kumi mvua ilinyesha kama kawaida, lakini matone yalikuwa mazito, yanang'aa, yakabiringika juu ya kile kijani na kudondoka kwenye sinia lililowekwa chini. Ilikuwa zebaki. Ngassa alichukua unyoya wa kuku, akayakusanya matone kwa uangalifu, akayarudisha kwenye kichupa chake, kwa kuwa zebaki ni ghali.

Suzana aliosha sayari kwa maji ya Hozefa. Kijani kikarudi baada ya wiki mbili. Ngassa akapata donge lingine, akalichoma, na kijani kikafa tena, safari hii mpaka upande wa pili.

Mwalimu Sostenes aliitwa. Aliizunguka, akaangalia jiko, akaangalia dirisha.

"Sayari haina tatizo," akasema. "Kila kitu inacho. Humu ndani ndimo hamfai kitu kuishi."

Dorah alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, shubiri tatu kutoka kwenye jiko. Suzana alimtazama yeye, akatazama mlango wa nyuma, akakumbuka kwamba wale wawili wa kwenye minyaa nao mama yao aliwabebea humu humu.

"Choma nje, baba," alimwambia mwanawe.

Ngassa alichoma nje, siku moja. Kabla ya magharibi wanaume watatu wasiojulikana walikuja kuomba maji ya kunywa, wakauliza duara gani, yaani shimo gani la dhahabu, linatoa siku hizi, na mmoja akasimama njia panda mpaka giza likaingia. Ngassa akarudi ndani na kijiko chake.

"Basi nitaipeleka sayari Kolandoto," alisema Suzana, "kwenye ngitili ya baba. Na Dorah niende naye, ajifungulie huko. Hospitali ipo karibu."

"Sayari nenda nayo, mayu," Ngassa alimwambia mama yake kwa upole. "Wala sibishi, inateseka. Lakini Dorah akienda, marudio ataosha nani? Wewe mgongo wako huo. Na mimi nitapikiwa na nani?"

"Sayari imemzidi nini mkeo hata uihurumie zaidi?"

"Sayari haipiki, mayu."

Alisema kama mzaha, na Dorah alitabasamu, kisha akaenda kumfungia mama mkwe michembe, viazi vilivyokaushwa, ya safari.

Suzana aliipakata sayari ndani ya kapu toka Segese hadi Shinyanga. Kondakta aliuliza kama ni mzigo au abiria, akaambiwa ni mzigo unaopumua, akampa kiti cha dirishani. Kaka yake Benjamini aliwapokea Kolandoto. Waliiacha katikati ya ngitili, ndani ya uzio ule ule wa vijiti, nyasi zikiwa zimefika magotini, pasipo moshi. Siku ya nne ikawa ya kijani pande zote.

Suzana akarudi Segese haraka, kwa kuwa alikuwa na mtu huko. Mwaloni alikuta wanamwita Dorah kwa jina lake. Hawakukusudia ubaya, sayari haikuwepo tena.

Tangu hapo kila jioni Benjamini alipiga simu kutoa habari. Imepata mto. Imepata kitu kama uyoga. Kishanga kinavuta maji, yanapanda na kushuka. Dorah alisikiliza simu imewekwa tumboni, ili naye mwenzake asikie. Suzana alifungua dirisha kila alipoweza, na Ngassa, kila alipopata dhahabu, alilifunga. Alikuwa akimwambia mkewe ageukie ukutani.

Mtoto alizaliwa Januari, wa kike, mzuri, na nywele nyingi. Alikaa saa sita. Ngassa alichimba mwenyewe penye minyaa, akalaza mawe kwa mpangilio, akaketi hapo mpaka Hozefa alipokuja na shuka nyeupe na kumwinua kwa mkono.

Siku ya saba simu iliita saa kumi alasiri. Suzana aliipokea, akasikia kaka yake anahema kama mtu aliyekimbia.

"Dada, kuna kitu kinatembea. Kidogo sana. Kimetoka majini, kinatembea."

Suzana hakujua afanye nini na habari hiyo. Akampa Dorah simu. Dorah alisikiliza mpaka mwisho.

"Wabeja, mjomba," akashukuru. "Kiangalie. Usiondoe uzio."

Akarudisha simu, akachochea mkaa, akateleka maji ya ugali. Ngassa aliingia kutoka mwaloni, akawaamkia, akatoa kitambaa mfukoni. Suzana alihamishia kigoda chake kati ya jiko na mkwewe, akakaa hapo, mgongo kwenye moto. Hakuwa mnene; moshi asingeuziba sana.

Ngassa akafunga mlango.